Blanketi la Injini

Leo gereji ya Sib fundi kafungua galoni la oili, na ile harufu ikanipandisha hasira ya utoto, mimi ambaye watu wananijua kwa kucheka.

Nilikuwa mdogo, siku hiyo tulikuwa twende kulala jabalini, juu mlimani, kwenye baridi ya kutetemesha meno. Asubuhi yake mama alitaka awahi uwanja wa ndege kuagana na khalati, dada yake, aliyekuwa anarudi Unguja kuishi moja kwa moja.

"Fundi kasema kwa baridi tutie oili nyepesi," mama alimwambia baba.

"Nyepesi?" Baba akacheka. "Wewe kwenye baridi unajifunika leso au blanketi? Basi na injini nayo inataka blanketi lake."

Akamimina ile nzito kabisa. Na mimi nikacheka, maana niliona kasema kweli.

Asubuhi, huko huko jabalini, gari likakoroma, likagoma. Baba alipochomoa kijiti cha kupimia, oili ilinata kama haluwa. Tukakaa kungojea jua liipashe injini. Halijaipasha, khalati akapiga simu, anaingia ndegeni. Baba ndiye aliyepokea.

"Samahani shemegi! Dada yako huyu, kujipamba kwake hakwishi!"

Mama alikuwa kiti cha mbele, buibui kalivaa tangu alfajiri, mkoba mapajani. Nikafungua mdomo niseme ukweli. Akanigeukia, akatikisa kichwa, kisha akaichukua simu.

"Nisamehe, dada," akasema. "Nilikuwa najipamba."