Sweta la marehemu mama limemkaa mtoto wa wifi

Admin, jina langu libaki kwako, maana wifi yangu yumo humu na simu haimtoki mkononi. Nina miaka thelathini na sita, naishi Kambarage, Shinyanga mjini. Nimeolewa miaka tisa, sijajaliwa mtoto. Mume wangu yuko machimboni Geita, kwa hiyo nyumbani tunabaki mimi, mdogo wake wa kike, ndiye huyo wifi, na binti wa wifi wa miaka minne.

Mama yangu alikuwa mfumaji wa masweta. La mwisho alinifumia mimi, la sufu ya bluu, akafariki msimu huohuo wa baridi. Sweta lile hakuna aliyeligusa isipokuwa mimi. Nililifua kwa maji ya vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto, nikaliminya taratibu bila kulikamua, nikalikunja ndani ya taulo, kisha nikalilaza kwenye mkeka kivulini. Wifi alizoea kukaa pembeni akiniangalia. Siku moja akauliza, "Wifi, hivi likiingia maji ya moto linakuwaje?" Mimi na ujinga wangu nikamjibu, "Linasinyaa, na halirefuki tena."

Mwezi uliopita nilienda msibani Isaka. Narudi, namkuta yule binti barazani kavaa sweta la bluu, limemkaa sawasawa. Nikashika shingo ya lile sweta, nikaijua kazi ya mama.

Wifi akasema, "Bahati mbaya, nilitaka kukusaidia kufua." Jirani ndiye aliyenipa ukweli: wifi alichemsha maji sufuria nzima, akalikandamiza humo kwa mwiko huku anacheka. Nilipomrudia hakujificha tena. "Lilikuwa linakaa bure kabatini. Kwani wewe una wa kumvalisha?"

Nikampigia mume wangu nalia. Akanijibu, "Sweta tu hilo, mke wangu, nitakununulia matatu." Mama mkwe naye akaniambia nisigombane na mwenzangu kwa ajili ya nguo. Nikarudi kwenye kazi zangu za nyumbani. Wakadhani yameisha.

Sasa Jumapili wanakuja kumposa wifi. Mchumba wake kamletea sweta jeupe la sufu, ndilo atakalovaa mbele ya wazee wa upande ule. Wifi mwenyewe kalimwagia mchuzi. Asubuhi hii kaniletea huku anatabasamu: "Nifulie wewe wifi, mimi sufu siiwezi." Ati sufu haiwezi.

Liko kwenye beseni mbele yangu. Nataka alishike likiwa dogo kama la mwanasesere, alie kama nilivyolia mimi, na akiniuliza nitamjibu kwa maneno yake mwenyewe: bahati mbaya. Msiniambie nimsamehe, hayo nimeshayasikia kwa mume wangu na mama yake, na moyo wangu haujapoa hata kidogo.

Kinachonishika mkono ni kimoja. Yule binti kaamka na baridi, kaja kulala mapajani mwangu na lile sweta la bluu. Nampapasa mgongo, vidole vyangu vinapita kwenye mafumo ya mama. Huyu mtoto nampenda. Wifi akiolewa ataondoka naye, na sweta la mama yangu litatoka mlangoni kwangu likiwa mwilini mwake. Natamani kumvua sasa hivi. Natamani pia asiamke.

Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Msikawie, maji yameshachemka.