Kiganja cha Thabit

Siku ya thelathini na tisa tangu kaka yake azikwe, Basma alikunja vitenge vyote vya rafu ya chini, akavikunjua, akavikunja tena. Hakuna mteja aliyeviulizia. Ni mikono tu iliyokuwa haitaki kutulia. Alifuta vumbi mahali pasipo na vumbi, akaenda mlangoni, akarudi, akaketi, akainuka kabla kiti hakijapata joto.

Nyumbani, nyumba ya nne kutoka hapo dukani, mama yake Bi Miza na wanawake wa ukoo walikuwa wakichambua mchele wa arobaini ya kesho. Basma angepaswa kuwa nao. Lakini asubuhi Népomuscène, rafiki wa marehemu, alikuwa amempigia simu kutoka mtaa wa Carama.

"Dada Basma, kuna neno nataka kukuambia mbele ya arobaini. Nitakuja saa kumi. Ile meza ya nyuma, tafadhali, mutu asiiguse."

"Hakuna aliyeigusa, kaka Népo. Sema sasa hivi, basi."

"Apana. Si neno la simu."

Tangu hapo hakumeza hata funda la chai. Ugonjwa ulijulikana: daktari alisema ni moyo, na familia ikasema sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea. Kilichokuwa kikimla Basma ni dakika chache tu za siku ya kifo, chumba cha nyuma. Rachidi, fundi cherehani anayeketi barazani mwa duka, alimwambia siku ya tatu ya matanga: "Mi nilisikia Népo anauliza, 'Una jibu?' Kisha kimya. Nikashona pindo la suruali, mguu wa kwanza, nikashona na wa pili. Ndipo nikasikia Népo anapiga kelele."

Miguu yote miwili ya suruali! Ndani ya kimya hicho kaka yake alikuwa akifa, na mtu mzima mwenye macho na simu mfukoni alikuwa ameketi mbele yake. Alikuwa akifanya nini?

Thabit, Mungu amrehemu, alizaliwa hapo hapo mtaani Bwiza, na duka lilikuwa la babu yao, ambaye baba yake alitoka Omani na marobota ya nguo. Aliishi miaka arobaini na sita, na katika miaka hiyo hakuna aliyewahi kuona kitambaa chake kimekaa upande. Alikunja kitenge pindo kwa pindo, akakipiga kofi dogo, akakisogeza mpaka kilingane na wenzake kama waumini kwenye safu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukimsikia anacheka kwa sauti, ujue Népo yuko ndani.

Hao wawili walikutana shule ya sekondari na hawakuachana tena, mmoja akienda msikitini Ijumaa, mwingine kanisani Jumapili. Népo akawa karani wa ofisi ya serikali, Thabit akarithi duka. Karata zilikuja miaka kumi na miwili iliyopita, pale Moosa, binamu yao Basma na Thabit, alipokuja kutembea kutoka Muscat akawaachia sanduku zima. Hazikuwa karata za kawaida, zenye kopa na shupaza. Kila moja ilikuwa na picha yake na amri yake: hii inaangusha radi, hii inajenga ukuta, hii inafuta ya mwenzako. Kila mchezaji hujipangia kifurushi chake mwenyewe kutokana na alizonazo, na alama zake za uhai zikiisha, ameshindwa. Maandishi yalikuwa ya kigeni, basi Thabit alikaa mwezi mzima na kamusi, akaandika Kiswahili juu ya vibandiko vya bei ya nguo, akavibandika kimoja kimoja, vimenyooka.

Bi Miza aliposoma vibandiko hivyo alishika kichwa. "Uchawi! Ndani ya duka la babu yako!"

"Si uchawi, Mama. Ni amri. Kama za jeshini."

"Na kamari je?"

"Hakuna kamari. Anayeshindwa anatengeneza chai."

"Basi we utakunywa chai mbaya maisha yako yote. Népo hajui hata kuchemsha maji." Na tangu siku hiyo akawa anawapelekea maandazi.

Basma alijifunza mchezo kwa kuwatazama huku akipima nguo. Kuna amri nzito na amri nyepesi. Nzito unaicheza kwa zamu yako tu. Nyepesi unaweza kuiingiza wakati wowote, hata katikati ya zamu ya mwenzako, ili mradi amri yake bado haijafanya kazi.

"Ni kama sahani," Thabit alimweleza siku moja, akirundika visahani vya chai. "Népo kaweka radi, hii hapa chini. Mi naweka jibu langu juu yake. Akiwa na jibu la jibu langu, anaweka juu zaidi. Tukimaliza, tunaondoa kuanzia juu. Iliyowekwa mwisho ndiyo inayofanya kazi kwanza. Kwa hiyo usikimbilie kuhesabu madhara ya radi. Tazama kwanza nani ataweka sahani ya mwisho."

Wakati wa kujibu ndio uliokuwa roho ya mchezo, nao waliuwekea adabu yao wenyewe. Kwa kuwa mtaa una kelele, ukimya haukuhesabiwa kuwa jibu. Mwenye kucheza lazima aulize, "Una jibu?" Mwenzake kama hana lazima atamke, "Sina, endelea." Kama analo, anainua kiganja cha kulia. Na kiganja kikiinuka, aliyeuliza anainamisha macho. Hamtazami mwenzake usoni, asije akasoma alichonacho. Hamharakishi. Hasemi neno mpaka kiganja kishuke. Sheria ya mwisho Thabit aliiandika ukutani kwa chaki ya fundi: *Usiinue kiganja kama huna jibu.* Rachidi, aliyewahi kuinua kwa uongo, alifungiwa meza mwezi mzima na bado ana kinyongo.

Népo aliingia saa kumi na robo. Alikuwa amepungua, kola ya shati ilizunguka shingo bila kuigusa.

"Bwana Radi!" Rachidi alimwita bila kuinua kichwa kwenye cherehani. "Umekonda hivyo, wanakulisha karatasi huko ofisini?"

Népo hakucheka. Alimpa Basma mkono, akapita moja kwa moja chumba cha nyuma. Pale mezani palikuwa na boksi kubwa la vitenge lililogeuzwa kama kifuniko. Yeye mwenyewe ndiye aliyelifunikiza siku ile ile ya kifo, kabla watu hawajajaa.

"Nilicheza Radi," alisema akiwa bado amesimama. "Alikuwa amebaki na alama nne za uhai, na Radi inaondoa nne. Nikauliza, 'Una jibu?' Akainua kiganja."

"Halafu?"

"Nikainamisha macho."

Basma, aliyekuwa akitembea kati ya mlango na kabati, alisimama. "Muda gani?"

"Sijui. Dakika nne. Tano. Nilimsikia anahema, nikasema moyoni, leo nimembana vizuri. Nilikuwa nafurahi, dada. Natazama viatu vyangu na nafurahi. Mpaka niliposikia kiti kinalia, kumbe ameangukia kule kabatini."

Mita ya mbao ya kupimia nguo ilikuwa mkononi mwa Basma, hakukumbuka aliichukua saa ngapi. Alitamani kumpiga nayo. Alitoka mpaka dukani, akashika rafu, akarudi.

"Umekuja kuniambia hivyo tu?"

"Nimekuja kukuomba kitu. Siku zote hizi najiuliza: kile kiganja kilikuwa cha mchezo, au alikuwa ananiita? Unamjua. Hakuwahi kukiinua bila jibu, hata mara moja. Basi kama karata zake zina jibu, alikuwa anacheza. Kama hazina... Sikuzifunua. Niliogopa. We ndiye ndugu yake, zifunue we."

Basma aliweka mita chini. Alisema Bismillahi, na kwa pamoja wakaliinua boksi.

Kila kitu kilikuwa kama kilivyoachwa. Katikati ilikuwa Radi, ikisubiri. Upande wa Népo alikuwepo Kiboko, mnyama mwenye nguvu tano. Upande wa Thabit vilipangwa visima vitano, zile karata zinazotoa nguvu ya kulipia amri. Vinne vilikuwa vimelazwa ubavu, maana yake vimekwisha kutumika. Kimoja tu kilisimama wima. Mbele ya visima alikuwa Mlinzi wa Daraja, mwenye kona iliyochanika, karata ya kwanza ambayo Moosa alimpa Thabit mkononi. Huyo ndiye aliyekuwa akimzuia Kiboko. Na pembeni, zimelazwa kifudifudi ncha kwa ncha, zilikuwa karata mbili za mwisho za marehemu.

Basma alifunua ya kwanza. Msafara wa Chumvi. Nzito, tena ya nguvu saba. Haifai.

Alifunua ya pili. Futa. Nyepesi: *inafuta amri yoyote inayosubiri.* Bei yake, nguvu tatu.

Népo aliinama juu ya visima, midomo ikicheza. "Moja," alisema. "Ana moja tu." Aliketi kama mtu aliyekatwa kamba. "Yoo, Mana yanje, Mungu wangu. Hakuwa na jibu. Alikuwa ananiita."

Basma alizunguka meza, akazunguka tena, kisha akasoma kibandiko cha Mlinzi kwa sauti: "Mwondoe mezani wakati wowote, pata nguvu mbili." Akanyoosha vidole. "Mbili na ile moja. Tatu."

"Hiyo naijua." Népo alitikisa kichwa. "Miaka kumi na miwili hakuwahi kumtoa Mlinzi. Ameshindwa mara ngapi kwa ajili ya karata hiyo iliyochanika! Mi nilicheza Radi kwa sababu nilijua hatamtoa. Usinifariji, dada."

"Sikufariji."

Na kweli hakuwa anamfariji. Hakutaka afarijike. Alikwenda nyuma ya kiti cha kaka yake, hakuketi, aliinama tu ili atazame meza kutoka pale alipokuwa akiitazamia yeye. Visima vimenyooka, mstari mmoja. Kifurushi kimenyooka. Karata mbili alizozifunua zilikuwa ncha kwa ncha. Mlinzi peke yake alikuwa amekaa upande. Alikuwa ametoka kwenye mstari kiasi cha vidole viwili, kona moja ikielekea kwenye rundo la karata zilizoondolewa.

"Kaka Népo. Nani ameigusa hii?"

"Hakuna. Nilifunikiza boksi mimi mwenyewe."

"Alipoanguka?"

"Aliangukia kule. Meza haikutikisika, hata chai yangu haikumwagika."

"We umewahi kuona kitu cha Thabit kimekaa upande?"

Népo alivuta kiti, akasogeza uso mpaka karibu na karata. Nje cherehani ya Rachidi ilinyamaza, ikaanza tena.

"Mkono wa kushoto," alisema polepole. "Kulia kiganja, kushoto anasukuma. Alikuwa anamtoa. Mjinga yule, alikuwa anamtoa Mlinzi!" Akacheka kwa sauti iliyovunjika katikati, na machozi yakamwangukia mezani, akayafuta haraka kwa kiwiko yasilowanishe karata.

Basma alimtazama. Alijua kwamba karata ile imeeleza jinsi kiganja kilivyoanza, haikueleza kilivyokwisha. Kati ya mguu wa kwanza wa suruali na wa pili, huenda kiganja kiligeuka kikawa cha kuita, na hapakuwa na macho ya kukiona. Hilo analo Mungu, aliyeandika saa ya kila mmoja, na Basma atamwuliza kwenye mswala siku nyingi bado. Alitaka kusema "nimekusamehe". Badala yake akavuta kiti cha kaka yake, akaketi.

"Tumalize," alisema.

Alimsukuma Mlinzi vidole vilivyobaki mpaka kwenye rundo. Akalaza kisima cha mwisho ubavu. Akaweka Futa juu ya Radi. "Una jibu?"

"Sina," Népo alisema. "Endelea."

Ya juu kwanza: Futa ikafanya kazi yake, na Radi ikaondoka bila kumgusa mtu. Ikafuata zamu ya Thabit. Basma alisimamisha visima, akavuta karata moja kutoka kwenye kifurushi. Kisima kingine. Sita, na Msafara unataka saba. Hakuwa na la kufanya, akafunga zamu.

Népo alimtazama Kiboko wake, asimguse. Kwa kuwa Mlinzi hayupo, njia ilikuwa wazi. "Naweza kuacha," alisema.

"Uthubutu! Thabit angekufungia meza mwezi mzima."

Kiboko akageuzwa ubavu, ishara ya kushambulia. Nguvu tano, na uhai ni nne.

"Una jibu?"

Basma alijua hana. Lakini mkono wake wa kulia uliinuka wenyewe, vidole vimetanuka, ukasimama pale hewani. Ukutani maandishi ya chaki yalimkataza. Mkono haukushuka.

Népo hakuinamisha macho. Aliyakaza usoni mwake, akashika ukingo wa meza, kiti kimekwisha kusogea nyuma, kama mtu aliye tayari kuruka.

"Dada?" aliita. "Dada Basma, uko sawa?"

"Niko sawa."

Mkono ukashuka.

"Sina," alisema. "Endelea."

Kisha akainuka, akatafuta birika. Kwenye meza ile aliyeshindwa ndiye anayetengeneza chai.