Vita Vyake, Vidole Vyangu

Asubuhi ya kwanza nilipofika nyumbani kwake Oxon Hill, ng'ambo ya mto kutoka ninapoishi, nilimkuta ameketi dirishani, blanketi magotini, simu ameiegemeza kwenye kopo la unga wa mahindi.

"Karibu ndani, ndugu," akaniambia.

Nilisimama mlangoni na begi langu, nikageuka kutazama kama kuna mtu nyuma yangu. Tangu nije Amerika sikuwahi kusalimiwa kwa Kiswahili na mtu aliyezaliwa hapa. Na hata kule nilikotoka hakuna aliyeniita ndugu namna ile, kwa sauti ya mtu anayemsomea mwenzake kitabu.

Alikuwa Mmarekani mweusi, mwanamke wa miaka sabini na kitu, mkutubi wa shule aliyestaafu. Kiswahili alijifunza chuoni akiwa msichana, wakati vijana wenzake walipokuwa wakiitafuta Afrika katika nguo, katika majina na katika lugha. Wenzake wengi waliiacha lugha hiyo njiani. Yeye alibaki nayo, akiisoma peke yake mwaka baada ya mwaka, bila mtu wa kumjibu. Mimi nilizaliwa Uvira, nikawalea wanangu katika kambi ya wakimbizi Tanzania, kisha nikaletwa Virginia. Kiswahili changu kilikuwa na vumbi la kila mahali nilipopita. Chake kilikuwa safi kama shati lililopigwa pasi ambalo bado halijavaliwa.

Kiharusi kilikuwa kimempata miezi michache kabla. Mkono wa kulia ulilala tu mapajani. Wa kushoto ulimtii, lakini polepole, kama mtu anayeitwa akiwa usingizini. Kazi yangu ilikuwa kumwogesha, kumpikia, kumpa dawa na kumfanyisha mazoezi hadi saa tisa alasiri. Siku ya tatu akaniomba jambo ambalo halikuandikwa kwenye karatasi yangu ya kazi.

"Ndugu, vidole vyako ni vyepesi?"

"Viko vyepesi, Mama. Nilikuwa nashona zamani."

"Basi njoo ukae hapa. Unisaidie kupigana."

Nilidhani hajalitumia neno sawasawa. Akanielekeza kwenye simu. Ulikuwa mchezo wa kukamata viumbe. Unatembea mtaani na simu yako, viumbe wanatokea kwenye skrini, unawakamata na kuwalea. Kabla hajaugua alikuwa akitembea na wastaafu wenzake kando ya mto, pale chini penye gurudumu kubwa la kupandisha watu, wakikamata viumbe na kubishana kama watoto. Sasa hakuweza kutembea. Lililobaki lilikuwa mapambano: unabonyeza, na mchezo unakutafutia mtu yeyote, popote duniani, aliyebonyeza dakika ile ile. Kila mmoja ana viumbe watatu na ngao mbili. Unagonga skrini haraka haraka ili kiumbe wako apate nguvu, kisha unaachia pigo kubwa, na mwenzako anaamua kama atatumia ngao au atavumilia. Dakika chache, kwisha. Hamzungumzi. Humjui jina lake la kweli. Unaona kidoli chake cha mchezoni kilichovaa kofia, basi.

"Akili ninayo," alisema. "Ninakosa vidole tu."

Nikakaa. Yeye akitazama, mimi nikigonga.

"Gonga. Gonga. Gonga. Sasa, pigo. Subiri. Ngao."

"Ile nyama yake imekufa?"

Akageuza uso kunitazama. "Nyama ni ya kula, ndugu. Hawa ni viumbe."

"Kwetu mnyama tunamwita nyama, hata kama ni mzima."

Alilifikiria hilo kwa muda mrefu, mpaka tukapigwa. Kisha akaniomba nimletee daftari lake, akaandika neno langu kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zilizolala upande.

Sitaficha kwamba mwanzoni niliona haya. Mtu mzima, mama wa watoto, nimevuka mpaka na mpaka, halafu nimeketi nagonga kioo ili bundi wa barafu ampige kifaru wa mawe. Nilipomweleza binti yangu nyumbani, alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba wenzake waliuacha mchezo huo wakiwa shule ya msingi. Lakini asubuhi iliyofuata, nikiwa juu ya daraja la kwenda kwake, ukungu wa mto umepanda na magari yote ya barabara kuu ya Beltway yamepunguza mwendo, nilijikuta nikigonga usukani kwa kidole kimoja, kwa mdundo ule ule, nikimtafakari mpinzani wa jana aliyetushinda. Lori la maziwa lililokuwa mbele yangu lilitoweka katika weupe, likatokea tena, likatoweka, na mimi nilikuwa nahesabu: bado ana ngao moja.

Majira yakapita hivyo. Ninapoyakumbuka sasa sioni siku mojamoja, naona asubuhi moja ndefu. Mwanga unaingia kupitia pazia la rangi ya majani mabichi, kwa hiyo chumba kizima kina rangi ya maji. Uji umeshanywewa. Nywele zake nimezisuka. Yeye amefumba macho nusu, na sauti yake inatoka taratibu: gonga, gonga, badilisha, mlete yule wa maji. Mikono yangu inaitii sauti kabla masikio hayajaisikia. Kuna nyakati sikujua tena vidole vile ni vya nani. Tuliwashinda watu ambao kwao ilikuwa jioni, na watu ambao kwao ilikuwa kesho tayari. Alipenda kuwabunia maisha. "Huyu ni daktari wa meno," angesema. "Ona alivyo na subira. Huyu mwingine anapigana huku anakula."

Na kweli, yule mwingine alipigana kama mtu mwenye kijiko mkononi.

Kulikuwa na ngazi moja ya mchezo aliyoitamani. Ukiifikia, kidoli chako kinapewa koti la buluu lenye kola ndefu. Kabla ya kiharusi alikuwa amekaribia sana. Hakuwahi kuniambia analitaka koti lile, lakini nilimwona akilitazama likiwa limevaliwa na wapinzani wetu, kwa jicho lile ambalo wanawake wa kwetu huwatupia wenye vitenge vipya kanisani.

Msimu wa mchezo una mwisho, kisha kila mtu anarudishwa chini kuanza upya. Siku ya mwisho ya msimu ule tulibakiza ushindi mmoja. Ilikuwa saa sita mchana, mvua nyembamba inanyesha, na gurudumu kule mtoni halikuwa likizunguka. Nilifuta jasho viganjani kwa aproni. Nikabonyeza.

Mpinzani alikuwa mzuri. Alitumia ngao zake mapema, nasi tukatumia zetu. Viumbe wawili wa kila upande wakaanguka. Alibaki na kobe wa chuma, sisi tukabaki na bundi, wote wawili wamechoka. Nikawa nagonga kwa kasi ambayo sijawahi kugonga, na hapo kobe akaacha kupigana. Alisimama tu, anapumua juu chini kama wanavyopumua viumbe wa mchezo ule wasipoguswa.

"Ameacha," nilisema. "Mama, tumempata."

"Acha kugonga."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikaendelea.

"Ndugu. Acha. Usimpige. Tumngoje."

Niliinua kidole. Viumbe wawili wakasimama wanatazamana, na juu yao saa inakimbia. Sijui kama naweza kueleza urefu wa ile dakika. Mvua ilikuwa inagonga kioo. Friji ilinguruma jikoni, ikanyamaza. Mapigo mawili tu yangetosha, labda matatu, na koti la buluu lingekuwa letu. Nilimtazama. Hakuwa akitazama simu; alikuwa akitazama sakafu, pale karibu na mlango wa jikoni.

Kisha kobe akatikisika. Mtu yule alikuwa amerudi, popote alipokuwa amekwenda, na vidole vyake vilirudi na nguvu. Nilishtuka, nikachelewa. Bundi akaanguka. Skrini ikaandika kwamba tumeshindwa.

Nilisimama, nikaenda jikoni, nikaanza kuosha sahani ambazo zilikuwa safi tayari. Nilikuwa na hasira, na nilijua si hasira ya mfanyakazi. Miezi ile yote koti lile lilikuwa limekuwa langu pia.

"Ndugu," aliniita. "Njoo. Kaa."

Nikaja, mikono inadondosha maji.

"Siku ile niliyoanguka," alisema, "nilikuwa ninapigana. Hapo, karibu na mlango. Simu ilianguka pamoja nami. Ilikuwa hapa." Alionyesha kwa mkono wa kushoto umbali wa shibiri moja kutoka usoni. "Sikuweza kusema. Sikuweza kusogea. Niliona skrini tu. Mtu yule aliendelea kupiga. Aliua wa kwanza. Aliua wa pili. Mimi nilikuwa ninasema moyoni, bwana, simama kidogo, huoni sichezi?"

Kiswahili chake, ambacho hakikuwa na kasoro hata siku moja, kilianza kupoteza viungo vyake. Akatafuta neno, akalikosa, akaendelea kwa Kiingereza: kwamba hamlaumu mtu yule, kwamba hangeweza kujua, kwamba hata yeye mwenyewe alishawapiga wengi waliosimama hivyo na akafurahi. Kisha akarudi kwenye Kiswahili kama mtu anayerudi chumbani kuchukua kitu alichosahau.

"Lakini aliposhinda, skrini ilizima. Nikabaki peke yangu mpaka binti yangu alipokuja. Si kwamba angenisaidia. Nilitaka tu asiondoke."

Niliketi pale na mikono yangu yenye maji. Niliwaza mwaka tuliokimbia, njia ile ya kuelekea mpakani. Watu wengi walinipita nilipokuwa nahangaika kumfunga mtoto mgongoni, na kitenge kinalegea, nafunga tena kinalegea, na simlaumu hata mmoja wao. Mwanamke mmoja alisimama. Alikuwa na beseni kichwani na hakulitua. Hakunishika mkono, hakusema lolote. Alisimama tu mpaka fundo langu likakaa, kisha akaendelea na safari, na sikumwona tena. Uso wake sikumbuki. Nakumbuka kisigino chake kilichopasuka, kimetulia vumbini, hakiendi.

Hadithi hiyo sikuwa nimemwambia mtu katika nchi hii. Nilimwambia yeye, kwa Kiswahili changu cha nyumbani, bila kukinyoosha. Hakunisahihisha popote.

"Huyo wa leo," aliuliza baadaye, "unadhani alikwenda wapi?"

"Labda mlango uligongwa."

"Labda. Au maziwa yalichemka."

"Alikwenda kufunga dirisha," nikasema. "Mvua."

"Ndiyo," alisema, akafumba macho. "Alikwenda kufunga dirisha."

Msimu mpya ukaanza na sisi chini kabisa. Tulipanda tena, lakini sikumbuki tulifika wapi, maana majira ya kuchipua binti yake alikuja kumchukua wakaishi pamoja Herndon. Lilikuwa jambo jema. Nyumba ile ya Oxon Hill ilikuwa na ngazi nyingi. Siku ya kuhama nilifunga vyombo vyake kwa magazeti, yeye akiwa ameketi katikati ya maboksi na daftari lake mapajani. Tuliagana kwa kushikana mikono, mkono wake wa kushoto na wangu wa kushoto, na nilipofika garini nilikaa kitambo kabla ya kuwasha.

Wakala wa wahudumu aliyeniajiri alinipeleka kwa mzee mmoja Falls Church, karibu na ninapoishi. Mtu mwema, anapenda televisheni. Daraja sikulivuka tena asubuhi. Mchezo niliuweka kwenye simu yangu mwenyewe, nikawa natembea nao siku za Jumamosi kwenye maegesho ya maduka ya barabara ya Route 7, mama mtu mzima nimesimama kati ya magari namtupia mtego kiumbe asiyeonekana. Binti yangu alinipita mara moja akiwa na rafiki zake, akajifanya hanijui.

Kisha Jumamosi moja alasiri, nikiwa jikoni, maharage yako motoni, simu ikatetemeka. Ulikuwa mwaliko wa pambano, kutoka kwake. Kabla sijaukubali, simu ikalia.

"Ndugu. Umeona?"

"Nimeona, Mama. Nani anakugongea?"

"Mimi."

Nikaweka simu juu ya meza, sauti yake ikiwa imefunguliwa, nikakubali. Nilimwona kwenye skrini: pigo, kimya, pigo, kimya kirefu, pigo. Ilikuwa kama kumsikia mtu akishuka ngazi anashika ukuta. Nami nikapunguza kasi, bila kukusudia.

"Usinipunguzie," alisema.

"Sipunguzi."

"Ninakusikia unavyopunguza. Cheza kweli, mwanangu."

Hakuwahi kuniita hivyo kabla. Nikacheza kweli. Nilimshinda, kisha nikamshinda tena, na mara zote mbili niliona aibu kidogo na fahari kidogo, sikujua ipi inatangulia. Mara ya tatu alizuia ngao yake pale nilipotegemea ataitumia, akavumilia pigo, akanigeuzia kiumbe ambaye sikumtarajia. Sikuweza kumfikia. Nilijaribu kwa vidole viwili kwa pamoja, na sikuweza. Nilimsikia akipumua kwa nguvu upande wa pili, kama mtu aliyefika kileleni.

"Huyo ulimpata wapi?" nikamuuliza.

"Hapa hapa. Binti yangu ananisukuma kwenye kiti mpaka mwisho wa barabara. Kuna wengi. Wanapenda hapa, sijui kwa nini."

Ndege ikapita juu ya nyumba yao, maana huko wako karibu na uwanja, na mngurumo wake ukajaza simu yangu, ukajaza jiko langu, sauti ya Mama ikazama ndani yake. Alikuwa bado anasema kitu. Nilipunguza moto wa maharage, nikavuta kiti, nikangoja ndege ipite.