Mzungu wa meli kakataa basi la watalii, kaja kutua msibani kwetu Mtoni

Wakuu, marahaba kabla hamjanisalimia.

Mie kusoma sijasoma, naongea na simu inaandika. Ikikosea itukaneni simu. Ila haya nimeyaona kwa macho yangu mawili, japo moja lina mtoto wa jicho.

Jirani yangu Mama Sharifa kafiwa na mumewe. Marehemu alikuwaga baharia, ujana wake wote kaumalizia melini. Mlioolewa na mabaharia mnajua, kuna swali mke analimeza tu, haliulizi.

Siku ya mazishi wanaume wameondoka na jeneza kwenda makaburini. Sie wanawake tumebaki ndani kwenye mikeka.

Mara bajaji ya Juma, kijana wa mtaani hapa, hiyo mlangoni. Anashuka bibi wa Kizungu, umri wangu hivi, kofia kama ungo.

Juma keshachelewa maziko, anahema: "Mama zangu, mgeni huyo katoka melini, nakuja kumchukua!" Bajaji hiyoo, kawafuata wenzie.

Katoka melini!

Wakuu, shingo zote zikageukia mlangoni.

Mzungu kavua viatu mwenyewe, kaingia. Katuangalia tunavyolia, na yeye kaanza. Sio kilio cha kusindikiza. Kile cha mabega.

Sasa Bi Mwanahawa, shoga yangu, huyo akinong'ona wanasikia mpaka Tandika: "Heee! Mke mwenza huyo! Kaja kuzika!"

Nikamwambia, "Mwanahawa, funga bakuli." Na mie moyoni nishaamini, tena nishaanza kuwaza watoto machotara wanafananaje na marehemu.

Macho yote kwa Mama Sharifa. Kazeeka na mwanaume yule, maziko yenyewe hayajaisha, halafu linamfika hili mbele za watu. Nikasema leo hapa patachimbika.

Yeye kajifunga kanga vizuri.

Kisha kasogea ukutani, kapiga mkeka kwa kiganja. "Mleteni akae hapa. Kama alikuwa wake, na yeye kafiwa."

Nilishtuka mpaka nikapaliwa na mate.

Basi mzungu kakaa pale ubavuni kwa mjane, kafungwa kanga, kapewa chai ya tangawizi. Bi Mwanahawa hana dogo: "Na eda je? Atakalia melini?" Nikajiziba mdomo na upindo wa kanga, jamani, msibani!

Ndipo kafika Neema, mkwe wa Mama Sharifa. Anafanya kazi hoteli moja ya ufukweni kule Kunduchi, Kiingereza anakitafuna kama karanga.

Mama Sharifa kamwambia, sauti kavu: "Neema, muulize mume wangu alimjua tangu lini. Nataka kusikia leo, nikiwa na watu."

Neema kauliza. Mzungu kamkodolea macho. (Hapa mngenisikia navyomuigiza, sauti ya puani.) "Nani? Simjui. Nisameheni, hata sijui ni msiba wa nani."

Wakuuuu!

Kumbe wenzie wa melini wamepakiwa kwenye mabasi, wakaone vinyago warudi. Yeye hataki kushushwa na kuhesabiwa kama mbuzi. Katoka geti la bandari peke yake, kamwambia Juma, nipeleke unapokaa wewe.

Juma naye ana maziko mtaani kwao. Ulitaka ampeleke wapi?

Na kilio je? Safari ile walilipia wawili. Mumewe kafa kabla hawajapanda. Kwao wamezika asubuhi, mchana kila mtu karudi kazini, kabaki na vikombe vya kuosha. "Tangu siku ile sijapata pa kulilia," kasema. "Melini muziki kutwa."

Neema kamaliza kutafsiri. Mama Sharifa kashusha pumzi, halafu kacheka! Mjane, siku ya mazishi! Kacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, wakakumbatiana na yule bibi, kila mmoja anamlilia wa kwake.

Juma karudi mbio, meli inang'oa nanga jioni. Mzungu anataka kufungua kanga, Mama Sharifa kamshika mkono: "Nenda nayo."

Bajaji ilipokata kona nikamchokoza: "Shoga, umepona."

Kaniangalia. "Nimepona nini? Pale nilipopiga mkeka nilishamsamehe mume wangu. Na kosa lenyewe halipo."

Kageuka kurudi ndani. "Au lipo bandari nyingine. Basi, nishasamehe."

Wakuu, funzo ni hili. Nyie mnaoshuka melini, tembeeni wenyewe, mabasi hayafiki kwa Mama Sharifa. Ila muulizeni dereva anawapeleka wapi. Na sie tuulize mgeni ni nani kabla hatujamgawia mume.

Haya, wake za mabaharia na wa nchi kavu: ingekuwa wewe, ungesogea kwenye mkeka? Semeni kweli, Bi Mwanahawa anasomewa komenti zote.