Siku Tuliyotaka Kumpeleka Silvère Ndera

Silvère, seremala wa Kimisagara aliyekulia Bujumbura, hakuwahi kuwa mpole, lakini mwezi ule alipita kiasi. Kwanza alimvamia mama muuza nyanya, akamwaga kapu lake lote mtaroni, eti anauzia watu mbichi. Sisi tuliookota tulikula nyanya zilizoiva vizuri. Kisha ikawa zamu ya Kabera mwenye bucha. Silvère alishika paja la mbuzi aliyechinjwa asubuhi hiyohiyo, akalitazama, akampiga nalo mdomoni. Meno mawili yakaanguka.

"Nyama iko kijivu," alisema. "Unatulisha mzoga."

Tulimrukia. Ngumi yake ilinipata sikioni, na hadi leo linavuma, kwa hiyo mateke niliyompiga siyajutii. Tukamfunga mikono kwa kamba. Kila mtu alisema huyu ni wa Ndera, kwa wagonjwa wa akili. Tulimburuta hadi barabarani akituuma na kututemea mate.

Hapo Xavérine akajipenyeza katikati yetu. Ni mhudumu wa afya wa mtaa, na kila asubuhi humsimamia Silvère akimeza dawa za kifua kikuu.

"Silvère, mkojo yako iko rangi gani?"

Tulicheka. Yeye hakucheka.

"Iko kawaida tu, mama."

"Leo nimekuona ukimeza ile dawa inafanya mkojo nyekundu. Haiwezi kuwa kawaida." Akatugeukia. "Iko dawa ingine inaharibu macho, inaanza kwa rangi. Huyu si kichaa. Anapofuka. Mumufungue, twende hospitali."

Daktari alisimamisha hiyo dawa moja ya kuharibu macho, akamwachia zilizobaki. Figo za Silvère zilikuwa dhaifu, zikashindwa kuitoa mwilini. Angechelewa kidogo tu, macho yasingerudi. Aliambiwa tangu mwanzo kwamba akiona ukungu aseme. Lakini yeye hakuona ukungu. Aliona watu wanamdanganya.

Ilipita miezi. Siku moja akaenda mwenyewe buchani kuomba radhi. Kabera alimsikiliza hadi mwisho, akaweka kisu chini, akamtandika ngumi ya pua. Tukajua sasa watauana.

Silvère alijipangusa, akakitazama kiganja chake.

"Kabera," akasema, "iko nyekundu."

Akakaa chini palepale sakafuni, akalia.