Bibi Aliyekataa Kuamkiwa Barabarani

Habari ya kifo chake niliipata sokoni Mbinga, kwa mama mmoja aliyekuwa akipima usipa, wale dagaa wa ziwani, kwa kikopo. Aliniambia bila kuinua uso kwamba yule bibi wa konani amefariki kwa presha, na kwamba wameshamzika juzi. Wasomaji wangu wa siku nyingi mtamkumbuka, maana niliwahi kumwandika hapa nikamwita bibi mwenye maringo. Leo nalirudisha neno lile, na nimechelewa.

Kazi yake ilikuwa kuuza usipa. Alikuwa akiununua Lituhi, akaupandisha kwetu milimani beseni likiwa kichwani. Kwetu mtoto akikutana na mtu mzima hupiga goti ndipo aamkie, na mkubwa naye husimama, aulize ya nyumbani, ya shamba na ya mgonjwa. Zamani hayo yalifanyika popote, njia ilikuwa ya miguu tu. Barabara ikapanuliwa, malori ya makaa ya mawe yakaanza kushuka ziwani, na sisi tukaendelea kupiga magoti palepale. Siku moja binti wa jirani yake, darasa la nne, alimpigia goti konani, mgongo ameupa mlima. Pikipiki ikatokea. Mtoto hakufa, ila mguu ulivunjika na mpaka leo anachechemea. Tangu siku hiyo bibi akaacha kuitikia salamu barabarani. Ukisema shikamoo, anatembea tu, mkono unakupungia uondoke, mpaka mfike uwanja wa kanisa ndipo asimame. Wengi hatukusubiri kufika huko. Tukasema usipa umempa kiburi, na mimi nikasema kwa maandishi.

Kisha ofisi ya kata ikabandika tangazo kwamba shirika fulani linatoa ruzuku kwa miradi ya kuwalinda walio hatarini zaidi barabarani: waendao kwa miguu, wenye baiskeli, watoto, walemavu. Mimi nina kidato cha nne na ndoto za watu watatu, basi kamati ya kijiji ikanipa fomu nijaze. Niliandika daraja la juu la kuvukia, kama nililoliona kwenye kalenda, na taa za sola pande zote. Nilipoisoma mkutanoni, mwenyekiti akasema daraja litafaa pia kuanikia kahawa. Wengine walitaka vizibao vya kung'aa, kwa kuwa kijiji cha jirani walipewa. Bibi alikuwa amekaa nyuma, akasikiliza yote, kisha akaomba nafasi.

"Mjukuu wangu, juu ya hilo daraja lako mtoto akinikuta atapiga goti wapi?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Andika njia ya miguu kando ya kona. Katikati yake wapapanue, watu sita wasimame na mabeseni yao. Mimi nataka kumwitikia yule mtoto."

Nikalikata daraja langu kwa kalamu na rula, roho ikiniuma kidogo, nikaandika alivyosema.

Afisa wa shirika alikuja na fomu yetu mkononi. Aliuliza kwa upole inakuwaje tuombe fedha za usalama kwa ajili ya salamu. Bibi akamwambia twende tukaone. Pale konani tukakutana na akina mama watatu wanatoka shamba, na walipoona mgeni wakapiga magoti. Afisa ni mtu wa adabu, akasimama kuitikia. Akaulizwa za safari, za nyumbani, akawa anajibu za mke wake lori lilipopiga honi. Tulirukia mtaroni sote, na kiatu chake kimoja kikabaki matopeni. Bibi alikuwa mtaroni tangu mwanzo, beseni lake limetulia kichwani.

"Karibu kijijini kwetu," akamwambia.

Ruzuku ilikuja, ingawa si yote tuliyoomba. Tulichimba wenyewe, tukapanga mawe, fundi akasimamisha nguzo fupi za zege kati yetu na magari. Vizibao navyo vililetwa, na mwenyekiti anavaa chake hata kwenye harusi. Siku tuliyomaliza, yule binti, sasa yuko darasa la sita, alikuja akapiga goti pale papana, taratibu, kwa sababu ya mguu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Bibi akatua beseni chini. "Na ile ya mwaka jana, marahaba. Na ya mwaka juzi, marahaba."

Jumapili nilikwenda kutoa pole nyumbani kwake. Njiani nilipita pale konani. Watoto wawili walikuwa wamempigia goti mzee mwenye jembe, naye anawauliza mmoja mmoja habari za mama zao, wala hana haraka. Lori likapita nyuma ya nguzo na hakuna aliyegeuka.

Nimekuwa nikiwaza jinsi tunavyoomba misaada. Fomu ile ilikuwa na ukurasa mzima wa kueleza shida yetu, na mimi niliujaza bila kumwuliza mtu aliyeacha kuitikia salamu kwa nini ameacha. Ikifika kwenu fomu kama hiyo, msianze na mwenye mwandiko mzuri. Anzeni na yule mnayemsema.