Mausi ya kushoto imeniponza

Leo nimepinduliwa kazini na mama yangu mzazi!

Mama ni mpiga chapa mstaafu, na anatumia mkono wa kushoto. Amekuja stesheneri kwangu hapa Bweri kuchapa risala ya harusi ya mdogo wangu. Nikajifanya fundi, nikambadilishia vitufe vya mausi ya kompyuta, cha kulia kikafanya kazi ya cha kushoto.

Mara akaingia mteja, anataka ratiba ya ibada inayoanza saa nane.

Jamani! Kila nikibonyeza, inafunguka menyu nisiyoitaka. Hata kurudisha setingi nimeshindwa.

"Neema, hebu toka hapo," mama akasema. "Kazi hizi nilikuwaga nazifanya hujazaliwa."

Akashika mausi kwa kushoto. Karatasi zikatoka.

Sasa wateja wanamwita yeye bosi.

Mimi nimetumwa chapati.

Nicheke au nilie?